Bwana Zima na Chumba cha Njiwa

Mume wangu akirudi kazini jioni, mimi sihitaji saa. Ni fundi cherehani, nashonea kibarazani kwetu, na mashine yangu imeutazama mtaa wote mpaka kule kona. Basi nasikia. Kwanza inazimwa redio ya fundi viatu. Inafuata spika ya duka la simu. Halafu ya dada wa saluni, na huyu kila siku anachelewa kwa sababu mikono yake iko kwenye kichwa cha mtu, mpaka amwombe mteja mwingine anyanyuke akabonyeze. Kimya kinatembea duka hadi duka kuja kwangu. Kikifika kwa muuza mkaa nateleka birika, na chai ikichemka mume wangu anakuwa ameshavua viatu.

Wanamwita Bwana Zima. Wanadhani sijui, kumbe wakija kupimwa nguo watoto wao wananiropokea. Mwanzoni nilikuwa nachukia. Nikimsikia mtu mzima analitamka nampa vidonge vyake hapo hapo, mkanda wa kupimia ukiwa bado umemzunguka kiuno. Siku hizi nimezoea, na kusema kweli jina limemkaa. Ni afisa wa hakimiliki. Anapita kwenye maduka, baa, saluni na hoteli, popote muziki unapopigwa ili mteja avutike, anauliza leseni iko wapi. Aliye nayo anaagwa vizuri. Asiye nayo anaelezwa kwa upole, na akirudia anaandikiwa faini. Kwenye zile leseni ndiko inakotoka mirabaha, yaani fungu la mwenye wimbo kila wimbo wake unapofanyiwa biashara na mtu mwingine. Hayo nimeyasikia mezani kwangu mpaka naweza kukuhutubia usingizini.

Ila kuna jambo ambalo mtaa haulijui, na mimi nalijua kwa kuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Akifika mlangoni kwa mtu akakuta muziki unapigwa, haingii. Anasimama pembeni, mkoba kwapani, mpaka wimbo uishe. Watu wanasema ananyemelea. Wapi! Hawezi tu kukata wimbo katikati. Hata nyumbani nikizima redio mtu akiwa anaimba, ananitazama utadhani nimemwaga mboga. Basi kwa upole wake huo nusu ya mtaa wanapata nafasi ya kuzima kabla hajaingia, na yeye anaingia anakuta watu wamekaa kimya wananyanyua nyusi. Jamani, nimeolewa na mtu anayependa muziki kuliko watu wote ninaowajua, na ndiye mtu pekee mtaani asiyepata kuusikia.

Kazi hii aliingia kwa sababu ya Njiwa.

Njiwa alikuwa rafiki yake tangu wote wawili wanavaa kaptula. Tulimwita hivyo kwa shingo yake, maana akitaka kuimba alikuwa anainyoosha kwanza. Walikuwa na bendi. Njiwa aliimba na kupiga gitaa la kwanza, mume wangu akapiga la pili, lile ambalo watu hawalisikii mpaka likosekane. Wakatoa wimbo mmoja uliopendwa sana, wa kijana anayemwambia mpenzi wake kwamba hajachelewa kwa kupenda, ni mvua tu inamzuia. Wimbo ule ulipigwa kila mahali. Ulipigwa kwenye mabasi, kwenye baa, kwenye maduka ya vitambaa nilikokuwa nanunua bitana. Hakuna aliyeona kwamba kuna mtu wa kumshukuru. Wimbo si hewa tu?

Kisha Njiwa akaugua, akaugua vibaya. Alilazwa kwenye wodi iliyokuwa karibu na geti, na mlinzi wa getini alikuwa na redio. Wimbo wa mvua ukawa unaingia dirishani karibu kila siku. Nesi aliyekuwa anambadilishia dripu akawa anauimba huku anafanya kazi yake, hajui kwamba mwenye wimbo ndiye huyo aliyelala hapo na mishipa imekataa kuonekana. Na mama yake Njiwa anazunguka mjini kutafuta dawa, mkono mtupu. Njiwa akacheka, akamwambia nesi anaimba vizuri. Baada ya muda akafa.

Mume wangu alirudi kutoka mazikoni akauza gitaa lake. Aliposikia ofisi ya hakimiliki inatafuta watu akaenda, wakamchukua, na siku ile ya kwanza anavaa shati lenye nembo nikamtania kwamba sasa amekuwa askari wa nyimbo.

"Sitaki mama mwingine atafute dawa huku mwanawe anaimba getini," akaniambia.

Tangu siku hiyo nikafunga mdomo wangu kuhusu kazi yake, na mdomo wangu si mwepesi kufungwa.

Sasa, Mama Njiwa tunatazamana naye, nyumba kwa nyumba. Ana vyumba viwili. Cha nyuma analala na kupikia mwenyewe, cha mbele, kinachofungukia mtaani, kilikuwa cha Njiwa. Humo ndimo bendi ilimokuwa ikifanyia mazoezi. Vijana wanapiga kelele mbele, mama anapika nyuma, na katikati ni ukuta mwembamba. Kelele zikimzidi anachukua mwiko anagonga ukuta. Wakishapunguza, anauliza kutoka kule kule, "Mmekula?" Na Njiwa anajibu, "Bado, mama," hata kama wamekula. Mume wangu ananiambia alinenepea pale, si kwa mama yake mzazi. Wakati ananichumbia nilimkuta na kitambi, na kitambi kile nakijua kilikotoka.

Njiwa alipoondoka, chumba kilikaa kitupu muda mrefu, halafu Mama Njiwa akampangisha kinyozi. Sharti lilikuwa moja, gitaa la Njiwa lililotundikwa kwenye msumari ukutani lisiondolewe. Kinyozi akakubali. Ni mtu wa maneno mengi na masihara, lakini ana adabu. Kila asubuhi akifungua, kabla hajafagia nywele za jana, anaweka kwanza wimbo wa mvua. Alianza kwa heshima tu kwa mama mwenye nyumba, ikawa mazoea. Wimbo ukianza, Mama Njiwa anaamka. Wimbo ukifika katikati, mwiko unagonga ukuta. Kinyozi anapunguza kidogo, anacheka peke yake, halafu anaongeza tena. Mimi nilikuwa nawasikia kutoka kwangu na kwa kelele hizo najua siku imeanza.

Kinyozi hakuwa na leseni. Mume wangu alijua. Ni mtu asiyeweza kuupindisha hata ukweli mdogo wa kuniambia nimependeza nisipopendeza, lakini hapo masikio yake yalipewa likizo. Mtaa mzima ukizima, kinyozi hakuzima. Alishajua Bwana Zima akifika pale anakuwa kiziwi. Hawakuwahi kulizungumza, wala sidhani kama walitazamana usoni. Lilikuwa jambo la ukuta ule, na ukuta ule ulikuwa na heshima yake.

Mwaka huu ofisini kwao akaja mkuu mpya, mama mmoja mtulivu, msemaji wa chinichini. Akasema anataka atembee na kila afisa aone kazi inavyofanyika. Zamu ya mume wangu ilipofika wakaanza na mtaa wetu, asubuhi mapema.

Niliwaona wakitokea kona. Nikasikia ya fundi viatu inakufa, ya duka la simu inakufa. Na kwa kinyozi wimbo wa mvua ndio kwanza unaanza. Nikasimama. Nilikuwa na kitambaa cha mteja mkononi, nikakipunga kumwashiria azime. Kinyozi akaniona. Akafurahi. Alijua ule wimbo naupenda, na hakuna siku hata moja aliyowahi kuwa na haja ya kumwogopa mume wangu. Akanipungia na yeye, akaenda kwenye spika, akaniongezea sauti.

Mume wangu akafika mlangoni akasimama pembeni kama kawaida yake. Mkuu wake akasimama naye. Wakausikiliza wimbo wote. Nilikuwa namwona ubavu tu, na nilikuwa namwomba Mungu wimbo ule usiishe. Mwiko ukagonga ukuta, kinyozi akapunguza, akaongeza. Wimbo ukaisha, wakaingia.

Kinyozi alidhani ni utani. Alipoona kitabu cha faini kimetolewa, uso ukamshuka. Hana leseni, na wimbo wenyewe uko kwenye flashi ya kuchomewa vichochoroni, nakala haramu, na nakala haramu inachukuliwa. Mume wangu akaichomoa mwenyewe. Hakumtazama kinyozi, kinyozi naye akageukia kioo akaanza kufuta mashine ya kunyolea iliyokuwa safi.

Jioni ile redio ya kinyozi ilizimwa pamoja na nyingine. Sitaki kusema uongo, nilimpa mume wangu maneno. Nilimwambia kama masikio yalikuwa na likizo miaka yote, yangeshindwa nini asubuhi moja? Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na fundi viatu ningemwambia nini kesho?" akasema. "Nimemwandikia yeye, nimemwandikia dada wa saluni. Wote nimewaambia ni kwa ajili ya mama wa Njiwa."

Akasukuma sahani, chakula hakijaguswa. Hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Siku ya kwanza Mama Njiwa hakutoka, tukasema ni baridi. Zilipopita siku kadhaa nikavuka mtaa na chai. Nilimkuta amelala, amegeukia ukutani. Akanishukuru vizuri, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za kazi. Jioni niliporudi kikombe kilikuwa pale pale, chai imefanya utando juu. Ikawa hivyo. Nikipeleka uji anauonja kwa ajili ya kuniridhisha. Tulimwita daktari, akampima, akasema mapafu mazuri, moyo wa kizee lakini unafanya kazi, ila huyu mama lazima ale, asipokula hatafika mbali. Kinyozi akaniambia ukuta haujagongwa tangu siku ile. Alisema hivyo huku amekunja uso, maana na yeye sasa alikuwa hanisemeshi sana, mke wa nani mimi?

Niliogopa. Nilikuwa namtazama mkono wake juu ya blanketi, umekuwa mwepesi, na nilijua tukikaa hivi hivi tutamzika. Na nilijua tukimzika, mume wangu hatavaa tena lile shati, wala sijui angevaa nini.

Yeye naye alikuwa ameona. Siku moja akatoa chini ya kitanda chetu kaseti ya bendi yao. Ile kaseti ina hadithi, aliinunua mwenyewe dukani zilipotoka, kwa pesa yake, kaseti ya bendi yake mwenyewe, kwa sababu alisema ukitaka wengine wanunue anza wewe. Nilimcheka sana wakati ule. Sasa ilikuwa nakala halali kuliko zote mtaani. Tukaazima redio kaseti kwa fundi viatu, ambaye aliitoa huku anatutazama kwa jicho la upande, tukaenda kwa Mama Njiwa. Mume wangu akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akaiweka redio karibu na mto, akabonyeza.

Sauti ilikuwa nzuri. Njiwa mwenyewe, shingo na yote. Mama Njiwa akafumba macho. Nikasema moyoni, haya, amepona.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha akaweka mkono juu ya mkono wa mume wangu.

"Zima, mwanangu," akasema.

Mume wangu, mtu asiyekata wimbo katikati, akazima.

"Huyu wa kwenye redio ni marehemu," Mama Njiwa akasema. "Namjua, nimemzika mwenyewe. Sijarukwa na akili, msinitazame hivyo. Lakini yule wa chumbani kwake alikuwa hajafa. Nikiamka namsikia yupo kule, anapiga makelele yake, na mimi niko huku na shughuli zangu. Sikuwa na haja ya kumwona. Mama gani anamwona mwanawe saa zote? Unatosheka kujua yupo chumbani."

Akageukia ukutani tena. Mume wangu alikaa pale na redio mapajani. Alikuwa analia, na mimi nilimwacha alie, nikajifanya natafuta sufuria.

Wazo lilikuwa langu, naomba nipewe haki yangu. Tulipovuka mtaa nikamwambia, kama anamtaka ng'ambo ya ukuta, tumpeleke ng'ambo ya ukuta. Chukua kaseti yako, ingia kwa kinyozi asubuhi kabla hajafungua, bonyeza. Hapo ndipo utakapomjua mume wangu ni mtu wa namna gani. Akasimama katikati ya barabara akaniuliza, je, kwa kinyozi kabla hapajafunguliwa ni mahali pa biashara au si mahali pa biashara? Nilitamani kumpiga na redio ya watu.

Akaenda kumuuliza mkuu wake. Kweli kabisa, akaenda. Aliniambia baadaye kwamba alimweleza yote tangu mwanzo, Njiwa, wodi, mwiko, likizo ya masikio, akijua anaweza kumwaga unga wake hapo hapo. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mlango ukiwa umefungwa na hakuna mteja, hicho ni chumba tu. Akainamia kazi zake. Mume wangu alipofika mlangoni akamwita, akamwambia na yeye ana mama.

Kilichobaki ni ufunguo. Kinyozi alikuwa hamsemeshi mume wangu kabisa, nikaenda mimi. Nikamkuta ananyoa, nikamweleza mbele ya mteja wake bila aibu, kwa sababu nilishachoka na aibu. Alimaliza upande wa kushoto, akamaliza upande wa kulia, akapuliza nywele shingoni kwa mteja, ndipo akatoa ufunguo mfukoni akauweka kiganjani kwangu.

"Mwambie ile spika ina waya mmoja unacheza, aushikilie," akasema.

Asubuhi yake tuligawana. Mume wangu aliingia chumba cha mbele, akafunga mlango nyuma yake, na bahati mbaya au nzuri mtaa mzima ulimwona anaingia. Mimi nikaenda kwa Mama Njiwa na chai yangu, nikakaa kwenye kigoda. Sikumwambia kitu. Alikuwa amelala kama ninavyomwacha siku zote, uso ukutani, na nilikuwa namhesabia pumzi bila kutaka.

Wimbo ukaanza. Ukiupitisha kwenye ukuta ule, kweli, ni kitu kingine. Maneno yanapotea, inabaki sauti ya mtu aliye chumba cha pili na mambo yake. Nikauelewa moyo wa yule mama kuliko alivyonieleza. Mabega yake yakatulia. Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukawa unapapasa ukuta taratibu.

Halafu sauti ikaanza kuvuta. Njiwa akawa mzito, akazidi kuwa mzito, akawa anazungumza kama mlevi, ikasikika kwaruzo, na kimya. Ile redio ya fundi viatu ilikuwa imeula mkanda. Nilijua papo hapo. Kaseti za zamani ndivyo zinavyokufa, na ile ilikuwa imelala chini ya kitanda miaka mingi kusubiri siku ya kutuumbua. Nikasikia upande wa pili mume wangu anafungua kijimlango cha redio, anavuta, anajaribu kuuzungusha ule mkanda kwa kidole. Nikasikia kitu kimekatika, kidogo tu. Hatukuwa na nakala nyingine. Kampuni iliyonunua zile kanda za zamani haiziuzi wala haizipigi, imezikalia tu, na flashi ya kinyozi, mume wangu mwenyewe ndiye aliyeichomoa.

Mkono wa Mama Njiwa ukarudi chini ya blanketi. Nilitamani dunia inimeze. Nikasema, mama, mkanda tu huo, mama. Alivuta blanketi mpaka begani, polepole, na mimi nikaona kabisa jinsi mtu anavyoamua jambo.

Chumba cha pili kulikuwa kimya. Nikadhani mume wangu ametoka kwa aibu. Halafu kikasikika kitu kinaburuzwa ukutani, na waya mmoja ukalia.

Ulilia vibaya. Gitaa lililotundikwa miaka yote hiyo, linaloangaliwa na watu wanaonyolewa, limejaa vumbi la nywele. Ukalia tena, umepanda kidogo. Akakaza. Akagonga. Akalegeza, akakaza. Akaenda kwenye waya wa pili. Hakukuwa na wimbo wowote pale. Ilikuwa ile fujo ya watu wanaotafuta sauti, ting, ting, toing, fujo inayomkera kila mtu isipokuwa mwenyewe anayeifanya, na ikakera, ikaendelea kukera.

Mama Njiwa akageuka. Akanitazama, kisha akautazama ukuta kwa hasira kabisa, hasira ya mtu mzima mwenye shughuli zake. Akaketi. Nikataka kumshika, akanisukuma mkono. Akanyoosha mkono kwenye kijimeza, akachukua mwiko, na akagonga ukuta, pu pu pu.

Nyuzi zikanyamaza.

"Mmekula?" akauliza, kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

Nilimwona mume wangu bila kumwona, amekaa kwenye kiti cha kunyolea na gitaa la rafiki yake mapajani. Lile swali halikuwa lake. Lilikuwa na mtu wake wa kulijibu, na mtu huyo hayupo. Nikaomba kwa nguvu zangu zote asije akasimama akajieleza, asije akaomba radhi, asiwe afisa hata kwa pumzi moja.

"Bado, mama," akasema.

"Basi malizeni hapo mje mle."

Akatupa blanketi pembeni. Akaniagiza nimpe kitambaa cha kichwani, akaniuliza kwa nini nimekaa tu wakati jiko halijawashwa, akaniambia chai yangu siku zote ina maji mengi. Nilikuwa nalia na kucheka na kutafuta kiberiti. Upande wa pili mume wangu akaanza kupiga wimbo wa mvua. Alipiga lile lile gitaa la pili, hajui jingine. Pale pa Njiwa kuimba akapaacha wazi, anapiga na kusubiri, anapiga na kusubiri. Mama Njiwa alikuwa anakata mkate, na midomo yake ilikuwa inatembea.

Wimbo ulipokwisha mume wangu akaja kwa mlango wa nyuma, macho mekundu, nywele za watu kwenye suruali. Akasimama hapo kama aliyeitwa na mwalimu. Mama Njiwa akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Nilijua ni wewe," akamwambia. "Njiwa alikuwa hajui kukaza nyuzi hata siku moja. Ni wewe ulikuwa unamkazia. Kaa ule."

Akala. Na yeye mwenyewe akala, kipande kimoja, halafu kingine, akalalamika kwamba mkate wa siku hizi ni upepo mtupu. Sikuwahi kusikia lalamiko tamu vile.

Tulipotoka, watu walikuwa milangoni kwao. Redio zote zilikuwa zimezimwa tangu walipomwona Bwana Zima anaingia, basi walisikia kila kitu, kukaza nyuzi, mwiko, wimbo. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake anasubiri ufunguo. Mume wangu akampa, wakatazamana usoni. Fundi viatu akaja kuchukua redio yake, akaona mkanda unaning'inia, na badala ya kugomba akauliza kama kesho atapiga tena.

Mume wangu akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema kitu kuhusu leseni. Kabla hajasema, Mama Njiwa akamjibia kutoka ndani, kwamba kesho aje mapema kidogo, chai ya leo ilishaanza kupoa.